Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika: Wapangaji Wangu Mmewaajiri Lini?

Kwa Mamlaka Husika,

YAH: AJIRA YA WAPANGAJI WANGU

Waheshimiwa, nawaandikia kutoka Mbagala kwa sababu kila swali la nyumba ya kupangisha hujibiwa kwamba nifike kwa mamlaka husika, na kwa kuwa hakuna anayejua mlango wenu uko wapi, nimeona gazeti litawafikia mapema kuliko mimi.

Kwanza nawapongeza. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Zamani ilibidi mumtafute mwenye nyumba, mumkabidhi ankara, mumsubiri, mumkumbushe. Sasa mmempata mtu anayelala humo humo. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500; wenye maghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Sina ugomvi na kiasi. Ninachostaajabia ni ufundi wenyewe: mwenye nyumba ni mimi, anayekatwa ni aliyenunua umeme.

Chukueni nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, kama zilivyo nyingi huku kwetu uswahilini. Makato yanaangukia manunuzi ya kwanza ya mwezi. Basi mwezi ukiingia, uani panatulia. Kila mtu ana simu, kila simu ina salio, hakuna anayenunua. Yuko aliyekumbuka ghafla kwamba pasi yake ya mkaa bado nzima. Mwingine anasema umeme kwake ni wa kuchajia tu, hauna haraka. Wanategeana hivyo mpaka friji la mama anayeuza barafu za ubuyu lianze kuvuja maji. Huyo hana ujanja. Ndiye atakayelipa kodi ya jengo la mtu mwingine, kisa ubuyu.

Maelekezo yenu ni kwamba wakubaliane na mwenye nyumba, warudishiwe. Tunakubaliana vizuri sana. Mpangaji anaonesha ujumbe wa simu, mwenye nyumba anamwambia tutakata kwenye pango lijalo, pango lijalo ni baada ya miezi sita, na ukifika wakati huo ujumbe umefutwa kupisha picha za harusi.

Nyumba ikikaa tupu miezi minne, deni nalo linakaa kwenye mita likimsubiri mgeni. Anahamia Jumamosi na godoro lake kichwani, ananunua umeme wa 10,000, na 6,000 zinaondoka kulipia miezi ambayo yeye alikuwa bado anaishi Tandika. Mwenye nyumba ndiye anayeitwa tapeli. Nyinyi hamtajwi kabisa, na hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Halafu ipo kodi ya zuio. Mpangaji anatakiwa akate asilimia 10 ya pango, awaletee nyinyi, kisha mwenye nyumba apewe kinachobaki. Mfikirieni kijana wa bodaboda anayelipa 60,000 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni 360,000. Anagonga mlango, anaamkia shikamoo, halafu anasema: “Mzee, hii hapa 324,000. Hizo 36,000 nimezizuia kwa niaba ya taifa.” Kijana huyo huyo wiki iliyopita alikuwa anaomba asogezewe tarehe. Na asilimia hiyo inahesabiwa kwenye pango lote, kabla fundi bati hajalipwa, kabla gari la kunyonya choo halijaitwa masika yanapojaza shimo. Katika hesabu zenu, nyumba haivuji.

Nakiri nyinyi na nyumba za kupangisha mmetoka mbali. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 mkapitisha sheria ya kutwaa majengo, mkachukua yale ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kikalegeza kamba, na kiongozi naye akaweza kuweka kibao cha “chumba kinapangishwa”. Kwa hiyo naamini baadhi yenu mnaosoma barua hii ni wenye nyumba wenzangu. Naomba kujua, kwa faida ya wote, bodaboda wenu wanawazuia shilingi ngapi?

Sasa lile lililonifanya nichukue kalamu. Sheria ya kudhibiti pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tukaachiwa soko lituamue. Mpangaji akigoma kulipa, mwenye nyumba anaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe anamtuma serikali ya mtaa. Huko anaambiwa aende polisi, polisi wanasema hayo ni madai, si jinai, aende baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na huko anakuta foleni ya watu wanaogombea viwanja. Mpangaji aliyepandishiwa pango usiku mmoja, au aliyeezuliwa bati ili ahame, anapita njia hiyo hiyo, ila yeye anapita na watoto. Mambo ya kukata mmeyaweka kwenye simu, yanakamilika kabla mtu hajameza mate. Ya kuamua mmeyaacha kwa mjumbe, ambaye naye ni mpangaji.

Kila baada ya muda anasimama mkubwa mmoja kutangaza kwamba pango lichukuliwe mwezi kwa mwezi, miezi sita ni unyonyaji. Nakubaliana naye hata sasa hivi. Aniambie tu mpangaji asipolipa mwezi wa pili nimshitaki wapi, na kesi iishe kabla ya mwezi wa nane. Miezi sita ya mbele ndiyo mahakama pekee niliyonayo, na najua inamuumiza kijana kuliko inavyoniumiza mimi.

Maombi yangu si makubwa. Wapangaji kwa kuwa wanawakusanyia kodi mbili, wapeni vitambulisho, posho ya kikao na likizo. Mama wa barafu za ubuyu apandishwe cheo, ana uzoefu kuliko wengi. Na mkiona vema kunijibu, msihangaike na bahasha. Tumeni kwenye mita, tarakimu 20 zinatosha, mpangaji atanisomea.

Wenu katika makato,

Mwenye nyumba, vyumba sita, mita moja