Mwongozo wa Kupuuzwa na Tembo

Ukienda Thailand kuona tembo, jiandae kupuuzwa. Hilo ndilo jema kuliko yote utakayokutana nayo kule. Utakuwa umelipa nauli, umeamka alfajiri, umebanana na wageni wengine ndani ya gari kutoka mjini Chiang Mai hadi milimani, halafu mnyama wa tani tatu atakutupia jicho mara moja, akupe kisogo na kuendelea kula. Ukiona hivyo, furahi. Umefika penyewe.

Maandalizi yanaanzia nyumbani. Aliyekulia kando ya Mikumi au Tsavo anajua vizuri tembo ni nani: ndiye anayemaliza shamba la mahindi usiku mmoja huku watu wakipiga madebe na kuchoma pilipili ili aondoke. Hakuna bibi wa huko aliyewahi kumtuma mjukuu wake akampande mgongoni. Panda ndege na akili ya huyo bibi. Tembo wa Asia ana masikio madogo kuliko wa kwetu, na ncha ya mkonga wake ina kidole kimoja badala ya viwili, lakini ni tembo yuleyule. Ukimkuta amesimama kimya anapakiwa watu, au anapiga mpira, au ameshika brashi anachora maua, uliza kama bibi angeuliza: amefanywa nini hata akakubali?

Jibu linaumiza. Kuna njia ya kumvunja tembo ambayo Wathai wanaiita phajaan. Mtoto wa tembo hutengwa na mama yake, akafungiwa kwenye kizimba cha magogo kinachombana asiweze kugeuka, akanyimwa chakula na usingizi, akapigwa mpaka aache kupigana. Akitoka humo anaijua fimbo yenye ndoano ya chuma maisha yake yote. Kwa hiyo watu wakikwambia tembo wao ni mpole sana, anabeba familia nzima bila shida, usibishane nao, ondoka tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na uti wa mgongo wa tembo una mifupa iliyochomoza kuelekea juu. Haukuumbwa kufungiwa kiti.

Sasa, kuchagua mahali. Usiamini bango. Kambi nyingi ziliondoa viti mgongoni mwa tembo zikabadilisha jina, na mnyororo ukabaki palepale. Andika ujumbe kabla ya kulipa, uliza bila haya: Nitampanda? Kuna maonyesho? Nitamwogesha? Ukijibiwa ndiyo hata mara moja, tafuta kwingine. Hapo kwenye kuogesha ndipo watu wema wanaponaswa, kwa sababu kunafanana sana na upendo. Tembo anajua kuoga. Akitaka maji ataingia mtoni mwenyewe, kisha atajimwagia vumbi mgongoni kujikinga na jua na wadudu. Anayelazimika kulala majini kundi baada ya kundi la wageni yuko kazini, na mtu mwenye fimbo hayuko mbali. Januari 2025, katika kituo kimoja kisiwani Koh Yao Yai, mtalii kijana kutoka Hispania aliuawa na tembo wakati akimwogesha.

Mahali pazuri papo. Elephant Nature Park, katika bonde la Mae Taeng, ilianzishwa na mama mmoja aitwaye Saengduean Chailert, maarufu kwa jina la Lek. Amekusanya pale tembo vipofu, vilema wa nyonga, na vikongwe waliochoka kufanya kazi. ChangChill, nayo karibu na Chiang Mai, iliacha kabisa wageni kugusa tembo. Unakaa mbali, unatazama. Usishangae bei. Tembo mmoja anaweza kula kilo 150 kwa siku, na pale hakuna anayelipia kubebwa naye.

Ukifika, msalimu mtunza tembo kabla ya kumtafuta tembo. Hili nalisisitiza, kwa sababu wapenda wanyama wengi huja wakimkunjia uso bila kujua alikotoka. Mwaka 1989, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka uliotangulia, serikali ya Thailand ilipiga marufuku ukataji wa magogo katika misitu ya asili. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa msitu, lakini tembo waliokuwa wakivuta magogo, pamoja na watunzaji wao, walikosa kazi kwa pamoja. Wengine waliingia mitaa ya Bangkok kuombaomba, wengine wakapokelewa na utalii. Korona ilipofunga mipaka mwaka 2020, zaidi ya tembo mia moja walitembea kwa miguu kurudi vijijini Mae Chaem, na watunzaji wao kando yao. Mtunzaji unayemsalimu ana watoto wa kusomesha. Hifadhi inayomlipa vizuri ndiyo inayomwezesha kuitupa ile ndoano.

Kisha kaa chini. Vaa viatu visivyoogopa matope, beba darubini na subira nyingi. Usiite, usipige miluzi, usinyooshe ndizi. Tazama tembo anavyokung'uta udongo kwenye mizizi ya nyasi kwa kuipiga gotini, na wazee wanavyosimama bega kwa bega bila sababu unayoweza kuiona. Ukimwona mmoja anayumba huku na huko, uzito ukihama mguu hadi mguu, usidhani anacheza ngoma. Hiyo ni alama ya miaka ya mnyororo, na hata hifadhi njema haiwezi kuifuta yote.

Picha zako nyingi zitakuwa za mkia. Chagua iliyo bora, itundike sebuleni, na kila mgeni akiuliza uso uko wapi, mweleze kwa kirefu.

Na tembo wakiamua kuingia msituni saa mbili kabla ya muda wako kwisha, usidai kurudishiwa pesa. Agiza chai, mkaribishe mtunzaji kama ana nafasi, umuulize tembo wake anapenda kula nini na anamwogopa nani.