Muhadhara wa Kwanza wa Tarehetiba

Mwanafunzi, keti. Zima simu yako, lakini kabla hujaizima itazame inasema leo ni tarehe ngapi, uandike jibu pembeni mwa daftari. Utaona faida yake ukishakuwa na akili ya kuiona.

Umejiandikisha katika taaluma ambayo watu huidharau kwa kutoijua: tarehetiba, yaani elimu ya kuponya tarehe iliyougua ndani ya mashine kwa kusakinisha sasisho la mfumo endeshi. Wapo wanaosema kazi hii ni kubonyeza kitufe tu. Hao ni ndugu wa wale wanaosema kupiga ngoma ni kugonga ngozi ya mbuzi. Tusiwajibu, tuwasikitikie kidogo, kisha tuingie kwenye fasili.

Fasili ya 1. Tarehe ni makubaliano kati ya binadamu na jua, mashine ikiwa shahidi.

Fasili ya 2. Sasisho ni barua ya kuomba radhi kutoka kwa waliotengeneza mfumo, ambayo aliyekosewa ndiye anayeilipia bando.

Fasili ya 3. Msasishwa ni mashine. Msasishaji ni wewe unayebonyeza. Msasishi ni yule aliyeko mbali aliyeliandika sasisho. Usichanganye msasishaji na msasishi. Mwaka juzi nilimfelisha mtu kwa kosa hilo moja, na baba yake alipokuja kulalamika nikamfelisha naye, kwa mdomo.

Sasa historia, kwa kuwa taaluma isiyo na historia ni uvumi. Sasisho la kwanza tunalolitambua lilitolewa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582. Kalenda ya Julius Kaisari iliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na robo, ikauzidishia dakika 11 hivi. Dakika 11 ni muda wa kunywa kikombe cha chai, lakini vikombe vilivyonywewa tangu Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 vilikuwa vimefika siku 10. Papa akatoa tiba: Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa tarehe 15. Waumini waliamka wamezeeka siku 10 na milo 30 hawajaila. Zingatia, mwanafunzi, tabia za watumiaji. Hispania na Ureno zilibonyeza “Sakinisha sasa” siku hiyohiyo. Uingereza ilibonyeza “Nikumbushe baadaye”, ikakumbuka mwaka 1752, deni limeshafika siku 11. Urusi ilikumbuka mwaka 1918 ikakatwa siku 13. Ugiriki ikafuata 1923. Ethiopia haijabonyeza hadi leo, na kalenda yake iko nyuma ya hii yetu kwa miaka 7 au 8 kutegemea mwezi. Mimi siwalaumu. Wao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama tufanyavyo sisi, na anayehesabu saa sawasawa ana haki ya kuchelewa katika mengine.

Tuje kwenye kiini cha ugonjwa. Mashine haijui tarehe. Mashine inajua idadi. Inahesabu vipande vya muda vilivyopita tangu siku fulani, siku ambayo mimi naiita chimbukotarehe, kisha inapiga hesabu na kukutolea Jumatano. Windows huhesabu tangu tarehe 1 Januari 1601, kwa vipande vya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Kufikia siku hiyo Wareno walikuwa wameshajenga Ngome ya Yesu kule Mombasa. Mifumo ya ukoo wa Unix, pamoja na simu iliyo mfukoni mwako, huhesabu sekunde tangu saa sita kamili ya usiku, tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich.

Weka kalamu chini usikilize. Saa sita ya usiku ya Greenwich, kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa ya usiku. Saa tisa ya usiku, mwanafunzi. Saa ya wanga. Wahandisi wa Marekani, bila kumuuliza mzee hata mmoja wa pwani, waliuzindua wakati wa mashine katika saa ambayo hata mbwa hatoki nje bila sababu. Halafu tunashangaa simu zinarogwa.

Baada ya msingi huo, uainishaji. Aina za maradhi ya tarehe ni nne. Kuna ya tano, lakini hiyo ni yangu.

Aina ya 1: sabinosisi. Mashine hujiona iko mwaka 1970. Kuna sabinosisi ya ajali, ambayo msasishwa hupoteza idadi yake akaanza tena sifuri, na sabinosisi ya kujitakia, iliyo mbaya zaidi. Mfano wa kujitakia ulijulikana Februari 2016: wenye iPhone za vizazi vya karibuni waligundua kwamba ukiirudisha tarehe kwa mkono hadi 1 Januari 1970, kisha ukaizima na kuiwasha simu, haiwaki tena, inabaki inakuonyesha nembo. Taaluma ya kawaida ingeuliza kwa nini simu haikuwaka. Sisi tunauliza swali zito zaidi: mtu mzima, mwenye kazi na watoto, alikuwa anatafuta nini 1970? Apple walitoa tiba mwezi Machi, iOS 9.3. Tiba ya yule mtu mzima haijatoka.

Aina ya 2: nairuzosisi. Hii naipenda. Babu zetu wa pwani walikuwa na mwaka wa Nairuzi wenye siku 365 kamili, usio na siku ya nyongeza, nao ndio unaokogwa Makunduchi kila Julai. Sasa basi: tarehe 31 Desemba 2008, vichezeshi vya muziki vya Zune, vile vya gigabaiti 30 vya Microsoft, viliganda vyote kwa pamoja. Mwaka ule ulikuwa mrefu, na siku ile ilikuwa ya 366. Programu ya saa ilifika kwenye siku ya 366, ikaona haijatoshea ndani ya mwaka, ikajiuliza tena, ikaona haijatoshea, ikajiuliza tena. Wasioelimika waliita hitilafu. Mimi nasema Zune ilikuwa ikifuata Nairuzi bila kujua, na kosa lake lilikuwa kutozaliwa Makunduchi. Tiba rasmi ilikuwa kuiacha betri iishe, kusubiri hadi adhuhuri ya Greenwich tarehe 1 Januari, yaani saa tisa alasiri kwetu, kisha kuichaji na kuiwasha. Hili ndilo tukio ambalo sasisho lililoponya mashine lilikuwa kesho yenyewe.

Aina ya 3: kandosisi. Mashine inaijua siku ila haijui iko nchi gani. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja ilipofika usiku wa manane wa kuingia tarehe 1 Februari 2021. Hazina ya kanda za saa ambayo mifumo endeshi mingi huitegemea ilitoa toleo la 2021a lenye mabadiliko hayo wiki moja tu kabla. Simu ya Juba iliyobonyezwa “Nikumbushe baadaye” iliendelea kuishi Nairobi bila pasipoti. Na usidhani Nairobi yenyewe imekuwa thabiti siku zote: mwishoni mwa miaka ya 1930 saa za Kenya zilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Robo saa ile iliyopungua, mwanafunzi, mtu fulani aliila. Tunaendelea.

Aina ya 4: relosisi. Bado haijazaliwa, lakini tunayo tarehe yake ya kujifungua. Mashine zinazotunza sekunde za Unix kwa biti 32 zitajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata zitajiona ziko Ijumaa tarehe 13 Desemba 1901, usiku. Mwezi huo ndio reli ya Uganda ilipofika Ziwa Victoria. Basi ukiiona kompyuta ya ofisi asubuhi hiyo inakuuliza habari za reli, usiizime kwa hasira. Ina habari za moto kabisa.

Aina ya 5 ni mchango wangu binafsi kwa dunia, nami naiita tanombili. Tazama wiki yetu. Jumamosi ni juma mosi, siku ya kwanza. Hesabu: pili, tatu, nne, na Jumatano ni ya tano. Siku inayofuata ni Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Wiki ya Mswahili ina tano mbili zimekaa bega kwa bega, sita haina, na hakuna harusi iliyowahi kukosewa kwa sababu hiyo. Mashine mara nyingi hulazimishwa kuanza wiki Jumatatu au Jumapili, maskini, halafu ikiugua tunaipelekea masasisho. Nimeandika kurasa 84 kuhusu jambo hili. Mke wangu amezisoma mbili.

Sasa usakinishaji wenyewe. Una hatua saba, lakini zinazostahili muhadhara ni mbili tu, nazo ni kuahirisha na kusubiri. Kuahirisha si uvivu. Anayeahirisha kwa woga anaogopa faili zake kupotea. Anayeahirisha kwa bando anasubiri ofa ya usiku. Yupo na anayeahirisha kwa falsafa: anaamini kila tiba huleta ugonjwa wake. Huyo wa tatu huwa na hoja, hadi inapofika siku kama Jumamosi tarehe 2 Desemba 2017. Usiku ule, iPhone za iOS 11 zenye programu za kutoa vikumbusho vya kujirudia zilianza kujizima na kujiwasha zenyewe mara tu baada ya saa sita ya usiku, kwa sababu ya tarehe tu. Apple walilitoa iOS 11.2 siku hiyohiyo. Unaona fumbo lake: mashine iliugua kwa kukumbusha, na aliyepona upesi ni yule ambaye hakusema “Nikumbushe baadaye”.

Kusubiri ni bahari. Wengi hudhani kati ya asilimia 99 na 100 kuna hatua moja. Kuna usingizi mzima, chakula cha mchana, na wakati mwingine mgao wa umeme. Tofautisha pia kusubiri kabla ya kukata tamaa na kukata tamaa huku ukisubiri. Wa kwanza anakitazama kioo. Wa pili anawatazama waliokizunguka kioo.

Nafikia sasa ugunduzi ambao utabeba jina langu, Mduara wa Tarehetiba. Kompyuta yangu ya mezani, hii hapa, kila ikizimwa huamka ikidai ni Alhamisi tarehe 1 Januari 2009. Nikaamua kuitibu kwa sasisho. Ikakataa kwa maandishi: 0x80072F8F. Nimeuchunguza mwandiko huo siku tatu. Maana yake ni hii: ili kupakua sasisho, mashine hukagua kwanza cheti cha usalama cha seva, cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kwa kompyuta iliyoko mwaka 2009, cheti cha juzi hakijazaliwa. Haiwezi kumwamini daktari ambaye mama yake bado hajachumbiwa. Yaani dawa ya tarehe hupewa mwenye tarehe. Kumbuka pia kwamba 1 Januari 2009 ndiyo siku zile Zune zilipopona, na ni Alhamisi, tano ya pili. Mwanafunzi asiyetetemeka hapa ahamie kitivo cha biashara.

Unaweza kuirekebisha tarehe kwa mkono, ndiyo, na sasisho likaja. Ukiizima ukaiwasha, imerudi 2009, na sasisho limekaa ndani yake kama mgeni aliyefika kabla ya kualikwa.

Kwa ajili ya ukamilifu wa kumbukumbu, nataja kwamba juzi alipita hapa kijana anayetengeneza simu chini ya ngazi ya jengo letu. Akasema, “Shikamoo Prof. Hii wala siyo mambo ya kuapdeti. Betri ya saa imekufa.” Nikamweleza sabinosisi. Akanisikiliza kwa adabu, huku akifungua skrubu. Akachomoa kutoka kwenye mazabodi kitu cha duara kama kitufe cha koti, akaweka kingine, akaniomba shilingi elfu tatu. Juu yake pameandikwa CR2032. Asiye msomi angesoma hapo mwaka wa kufa. Ni vipimo: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. Nimeuingiza utaratibu wake katika maandishi yangu chini ya kichwa “Tiba za Kienyeji”, pamoja na kupuliza, kupiga kibao ubavuni, na kuchomeka upya.

Tangu hapo kompyuta inaijua siku. Na kwa kuwa inaijua, imekumbuka masasisho yote iliyokuwa imenyimwa, na imeanza kuyasakinisha kwa mfululizo. Kioo kinasema asilimia 27, na kwamba nisiizime. Ilisema hivyo pia ulipokuwa unaingia.

Muhadhara wa pili utaanza ikifika asilimia 28. Tarehe nitakutangazia.