Mbuzi Aliyekula Afrika

Mwalimu wa gredi ya tano alitaka ramani ya dunia kwenye manila ifikapo Jumatatu. Wikendi hiyo tulitoka Lodwar kwenda Kakuma, kilomita kama 120, kwa dada yangu, na binti yangu akabeba manila yake. Ukutani kwa dada kuna ramani kubwa ya zamani. Watoto wakaamua kuinakili.

Balaa lilianzia jikoni. Ili karatasi ya kunakilia ionyeshe mistari ya chini, waliipaka mafuta ya kupikia yote yaliyokuwa chupani. Mchana sukuma ikachemshwa kwa chumvi tupu, na nyanya yao akasusa kula.

Akaja binti wa jirani, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa wazazi wa Sudan Kusini. Akaitazama ramani, akauliza, "Shangazi, Juba iko nchi gani hapa?" Ilikuwa ndani ya Sudan moja kubwa, kwani ramani ilichapwa kabla ya tarehe 9 Julai 2011. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kupokea wavulana waliotembea kwa miguu kukimbia vita vya huko, na habari hizo msichana huyu amezisikia kwao tangu utotoni. Alichukua kalamu nyekundu, akachora mpaka.

Wakakata mabara, wakayabandika kwa uji wa unga wa ngano, wakaianika manila uani pamoja na ile karatasi ya mafuta. Nyanya alisikia vishindo, akatoka na fimbo. Mbuzi alikuwa amekwisha kula Afrika yote, na karatasi ya mafuta pia. Greenland ilibaki nzima.

Binti yangu alilia. Shemeji akakaa nao chini, akawaeleza kwamba ramani ile hufuata mtindo wa Mercator wa mwaka 1569, uliowafaa mabaharia, lakini hukuza nchi kadiri zilivyo mbali na ikweta. Ukutani Greenland inakaribia kulingana na Afrika. Kwa kweli Afrika, yenye kilomita za mraba milioni 30, ni kubwa kuliko Greenland mara 14.

Manila ikageuzwa. Safari hii walianza na laga ya Tarach pale Kakuma, wakashuka na barabara hadi Lodwar na mto Turkwel, wakaufuata mto hadi Ziwa Turkana. Wakapanda kaskazini kwa mto Omo hadi Ethiopia, kisha wakarudi Kakuma na kuvuka mpaka wa Nadapal kwenda Juba. Afrika ilikaa katikati, kwa ukubwa wake, na mabara mengine yakapangwa kando yake.

Mtoto akianzia mto anaoujua, huuliza mwenyewe kilichoko mbele yake. Shule zenye ramani za kabla ya 2011 zizibadilishe. Pale ambapo fedha hazijapatikana, mwalimu amkabidhi mtoto kalamu nyekundu leo, aweke mpaka wa Sudan Kusini kwa mkono wake.