Jinsi ya Kuifungia Hewa Ndani ya Kalibu

Hongera kwa kuamua kwamba vifuniko havitatoka tena Nairobi. Wenye mizinga wa Mbeere wanataka vifuniko vya chupa za asali, wakulima wa Mitunguu wanataka viungo vya mabomba ya kumwagilia ndizi, nawe umepata karakana, stima na mashine kuukuu ya kusukuma plastiki. Kilichobaki ni kalibu: vipande viwili vya chuma vinavyofungana na kuacha katikati uwazi wenye umbo la kitu unachotaka kuuza. Polipropilini iliyoyeyuka kwa nyuzi 200 na ushei husukumwa humo, ikapoa, kalibu ikafunguliwa, kifuniko kikadondoka.

Kabla hujaanza, atatokea mjuaji akuulize uwazi huo ulikuwa na nini kabla ya plastiki kuingia. Ulikuwa na hewa. Mjuaji atakushauri uichongee njia ya kutokea. Msikilize kwa heshima, mpe chai, kisha fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Tegemea mlima

Mji wa Meru uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Embu uko chini yake kidogo. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Mteja akiuliza mbona kalibu yako haina njia za hewa, mweleze kwamba hizo ni za watu wa pwani, huku kwetu hewa ni nyepesi, itajitafutia njia.

Usimwachie kalamu. Kifuniko cha gramu 9 cha polipropilini kina ujazo wa sentimita za ujazo 10 hivi, kwa hiyo hewa ya ujazo huohuo, pamoja na ile iliyo kwenye mifereji ya kalibu, lazima ihame katika muda wa kupepesa macho mara moja au mbili. Mlima Kenya umekupunguzia sehemu moja ya sita. Tano zilizobaki zinakungoja wewe.

Hatua ya 2: Geuza kalibu yako iwe injini

Injini ya dizeli ya gari la miraa linalotimua vumbi kutoka Maua haina plagi ya kuwasha moto. Hubana hewa ghafla mpaka ikawa moto wa kutosha kuwasha mafuta. Kalibu isiyo na njia za hewa hufanya kazi hiyohiyo bila leseni. Plastiki huisukumia hewa kwenye kona, na hewa ikibanwa ghafla hadi sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, hesabu za fizikia huipa joto la zaidi ya nyuzi 700, bila kutoa lile linalopotelea kwenye chuma. Plastiki inayoigusa hewa hiyo huungua ikawa nyeusi.

Mteja kutoka Siakago atakigeuzageuza kifuniko, akwangue doa kwa ukucha, aulize, "Fundi, hii ni nini?" Mjibu, "Mama, hiyo ni alama ya karakana." Siku ya pili nunua rangi nyeusi na utangaze kwamba vifuniko vyote vya msimu huu ni vyeusi. Chuma nacho huliwa polepole na moto huohuo pale kwenye kona, lakini hilo ni tatizo la mwakani.

Hatua ya 3: Usikubali kupima

Hapa ndipo wajuaji wanapochosha zaidi. Kwa polipropilini wanataka njia ya hewa yenye kina cha milimita 0.02 hivi, yaani karibu moja ya tano ya unene wa karatasi ya kuandikia. Hewa hupita hapo, plastiki ikashindwa kwa sababu ni nzito na hupoa inapogusa chuma. Nailoni ni nyepesi zaidi ikiyeyuka, kwa hiyo wanakwenda chini hadi 0.01 au 0.015. Baada ya milimita moja au mbili za wembamba huo wanapanua mfereji uwe na kina cha nusu milimita au zaidi, wakaupeleka hadi nje ya kalibu ili hewa isikwame njiani. Hata alama za kusaga wanataka zilale kuelekea inakokwenda hewa.

Wewe una grinda ya mkono. Piga mkato mmoja wa kiume. Ukiwa na kina cha milimita moja, plastiki itatoka pamoja na hewa, na kila kifuniko kitazaliwa na ndevu. Ajiri vijana wawili wa kunyoa ndevu hizo kwa kisu, kisha waeleze viongozi wa kaunti kwamba umebuni nafasi za kazi.

Hatua ya 4: Ukilazimika kuchonga, chonga pasipohusika

Njia ya hewa ina maana pale plastiki inapofika mwisho. Kifuniko kinacholishwa katikati ya paji hujaa kuelekea kingoni, kwa hiyo hewa hukimbilia ukingo wote kwa mpigo, na huko ndiko wajuaji huweka njia kuzunguka duara. Wewe iweke karibu na mlango wa kuingilia plastiki. Itafunikwa mara moja, kisha utaapa mbele ya yeyote kwamba kalibu yako inayo njia ya hewa.

Kwa kiungo cha bomba chenye umbo la T mambo ni matamu zaidi. Plastiki hugawanyika ikazunguka chuma cha katikati, kisha pande mbili zikakutana upande wa pili. Hewa ikibanwa katikati yao, mshono haushiki vizuri. Kiungo kitaonekana kizima dukani Nkubu na kizima begani kwa mkulima. Ukweli utajitokeza usiku wa zamu yake ya maji, na wewe utakuwa umelala.

Jihadhari pia na ile tabia ya kujaza kalibu kidogo kidogo. Mjuaji hupunguza plastiki makusudi, akatoa kifuniko nusu, akaongeza, akatoa robo tatu, akavipanga mezani akasoma mahali pa mwisho kujaa. Vipande sita vya takataka humwonyesha pa kuchonga. Mwanamume kamili hachungulii majibu.

Hatua ya 5: Kaza, ongeza, choma stima

Kifuniko kikitoka na kona pungufu, usiiwazie hewa. Ongeza joto. Kisha ongeza kanieneo. Plastiki ikianza kuvuja pembeni, kaza kalibu kwa nguvu zote za mashine, ambapo ule upenyo mdogo uliokuwa umeponea kati ya vyuma viwili nao utazibika. Kona ikipungua tena, ongeza joto. Mzunguko huu hauna mwisho, na bili ya Kenya Power haina mjadala.

Ili kunogesha, lisha mashine jerikeni, beseni na viti vilivyovunjika bila kuviosha wala kuvikausha. Maji yatageuka mvuke, uchafu utatoa gesi, na kalibu itakuwa na wageni wengine wa kufungia ndani.

Hatua ya 6: Usafi ni wa hospitali

Hata njia ya hewa iliyochongwa vizuri huziba. Gesi ya plastiki huacha utando wa mafuta mafuta, na kwenye upenyo wa milimita 0.02 utando haukawii kufunga barabara. Dawa yake ni kitambaa, kiyeyushi na brashi ya shaba, ambayo ni laini kuliko chuma cha kalibu. Wewe ngoja mpaka madoa meusi yarudi, kisha chukua bisibisi ukwangue. Ukimaliza, hutakuwa tena na njia ya milimita 0.02, bali mtaro.

Wajuaji huepuka sehemu ya taabu hii kwa kupunguza upande mmoja wa pini zinazokisukuma kifuniko nje. Hewa hupitia kando ya pini, na kwa kuwa pini hutembea kila mara kifuniko kinapotoka, hujipangusa yenyewe. Mbinu hiyo usiijaribu. Itakuacha na muda mwingi wa bure.

Hatua ya 7: Mtafute wa kulaumu

Tangu ndugu wawili Wamarekani, John na Isaiah Hyatt, walipoipatia hataza mashine yao ya kusukuma plastiki mwaka 1872, hakujakosekana kisingizio. Laumu malighafi, stima, ushuru, au mtu wa Kariobangi aliyekukerezea chuma. Mradi tu lawama isifike kwenye kona ile yenye doa.

Na ikitokea kwamba jirani yako upande wa Embu anauza vifuniko vyeupe visivyo na doa, wateja wamepiga foleni mlangoni pake, mchafue jina bila huruma. Tangaza sokoni kwamba kalibu zake zina nyufa. Hutakuwa umesema uongo: zinazo, na kila ufa ameupima.