Mobutu, Mawingu na Machawa

Wanangu, nimewasikia tangu asubuhi mkibishana juu ya kiongozi anayejisifu. Mmoja wenu anasema si kosa, ni kujiamini tu, na kwamba kiongozi mnyonge atachezewa na mabeberu. Sawa, kiongozi ajiamini. Lakini kujiamini na kujiabudu ni vitu viwili, na ng'ambo ya ziwa letu hili la Tanganyika kuna nchi iliyoonja tofauti yake kwa zaidi ya miaka 30. Vuteni benchi.

Mobutu alinyakua madaraka Kongo tarehe 24 Novemba 1965, akiwa mwanajeshi wa miaka 35. Mwanzoni alitisha kuliko alivyojipamba. Juni 1966 aliwanyonga wanasiasa wanne hadharani mjini Kinshasa, watu wakiangalia. Mapambo yalikuja baadaye, moja baada ya jingine, na kila pambo lilipigiwa makofi. Mwaka 1971 nchi ikageuzwa jina ikawa Zaire. Mwaka 1972 akajipa jina refu, Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na raia wote wakaamriwa kuacha majina yao ya Kikristo. Kardinali Malula alipopinga alilazimika kwenda kukaa Roma. Hospitali kubwa ya Kinshasa ikapewa jina la mama yake. Hata maziwa hayakusalimika! Ziwa Albert likaitwa Ziwa Mobutu Sese Seko, na jirani yake Idi Amin naye akalichukua Ziwa Edward akalipa jina lake mwenyewe. Mfyuu! Wavuvi wanahangaika na nyavu, wakubwa wanagawana maji ya Mungu.

Waliokuwa na televisheni Zaire enzi zile wanaikumbuka taarifa ya habari. Ilianza kwa mawingu. Mawingu yanaonekana, kisha uso wa Mobutu unashuka kutoka juu, taratibu, hadi unajaza kioo. Mwaka 1975 mambo yakafika mahali ambapo, kwa majuma kadhaa, vyombo vya habari vilikatazwa kutaja jina la kiongozi mwingine yeyote isipokuwa yeye. Waziri alitajwa kwa cheo chake tu. Tafakarini hilo. Mtu ana jeshi, ana hazina, ana chama ambacho kila Mzaire alihesabiwa mwanachama wake tangu kuzaliwa, na bado anaumia kusikia jina la mwenzake redioni. Hiyo si nguvu. Ni njaa isiyoshiba, na mwenye njaa ya namna hiyo hamwachii mtu mwingine hata punje ya heshima.

Na machawa walikuwepo, msidhani uchawa umezaliwa na mitandao. Waziri wake mmoja wa mambo ya ndani alisimama hadharani akamwita nabii na masiya wa Wazaire. Waziri mzima! Mtu aliyesoma, mwenye mke na watoto nyumbani, anamlinganisha bosi wake na Kristo ili asipoteze gari la serikali. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tembo la Kongo lilikuwa shaba ya Katanga. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya taifa ya Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Miaka kumi baadaye haikufikisha hata tani 50,000. Bei ya dunia iliyumba, kweli, lakini mashine hazikutengenezwa na fedha zilichotwa. Wakati huohuo kule Gbadolite, msituni, kulijengwa kasri na uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha kutua Concorde.

Sasa msikilize walivyotendewa waliosema kweli, maana hapo ndipo mtu wa namna hii hujulikana. Mwaka 1980 wabunge 13, Étienne Tshisekedi akiwa mmojawao, walimwandikia barua ya wazi wakitaka mageuzi. Hawakushika bunduki, walishika kalamu. Wakakamatwa. Mwanzoni mwa 1990, baada ya rafiki yake Ceaușescu wa Romania kupinduliwa na kuuawa, Mobutu alizunguka nchi akiwaomba wananchi waseme wanaonaje utawala. Wakaandika kwa maelfu, na walichoandika kilimkata maini, kwa sababu yeye kweli alitarajia shukrani. Aprili 24 alitangaza vyama vingi huku akitoa machozi mbele ya kamera. Watu wakasema mzee amelainika. Wiki tatu hazikuisha, askari wakaingia usiku katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakawaua wanafunzi. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Ndiyo maana machozi ya mtu anayejiabudu mimi hayanilegezi. Analia kwa ajili yake.

Hapa kuna mzee mwenzangu, mchuuzi wa dagaa, aliyepata kuishi upande ule. Atawaambia kwamba enzi za Mobutu angalau nchi ilikuwa moja, na kwamba usiku ule wa Oktoba 1974, bondia Muhammad Ali alipompiga George Foreman pale Kinshasa, dunia nzima iliitazama Zaire. Namheshimu, lakini hapo simwachii. Umoja uliosimama juu ya sura ya mtu mmoja ulidumu kadiri sura ile ilivyodumu. Waasi wa Laurent Kabila walipoanzia mashariki mwaka 1996, jeshi lisilolipwa mishahara lilikimbia, likipora njiani, na Mei 1997 Kinshasa ikaanguka. Sisi wa Kigoma hatuhitaji kusimuliwa. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita hiyo, na bado ipo. Watoto waliozaliwa mle sasa nao wana watoto.

Mnauliza, je, Mobutu alikuwa mgonjwa wa akili? Hilo si la kijiweni. Madaktari wa akili wa Marekani wenyewe walijiwekea mwiko mwaka 1973 wasimtangaze mgonjwa mtu wasiyempima, kwa sababu mwaka 1964 zaidi ya elfu moja miongoni mwao waliliambia jarida moja kwamba mgombea urais Barry Goldwater hafai, bila kukaa naye hata dakika. Ila yupo daktari mmoja, David Owen, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza kuanzia 1977 hadi 1979. Mwaka 2009 yeye na Jonathan Davidson waliandika kwamba kuna maradhi yanayoletwa na madaraka yenyewe. Mtu anaanza kudharau ushauri, anajiona yeye na taifa ni kitu kimoja, anaamini atahukumiwa na Mungu au historia tu, si na wapigakura. Kadiri anavyokaa kitini ndivyo hali inavyozidi, na akiondoka aghalabu hupungua.

Mimi hilo naliamini, na ndilo linalonikereketa. Kama maradhi yanakuja na kiti, basi wanaoyalisha ni sisi tunaokizunguka. Zahanati imejengwa kwa kodi ya mama lishe huyu hapa anayekaanga chapati, halafu tunasimama kwenye mkutano kusema Mheshimiwa ametupa zahanati. Ametoa wapi? Kauza shamba lake? Mwenyekiti wa mtaa akikohoa tunashangilia, mbunge akichelewa saa nne juani tunamwimbia. Tunamfundisha kila siku kwamba hela ni zake na sisi ni wageni wake, kisha siku akitugeukia tunashangaa kwamba amebadilika. Nasonya, wanangu, nasonya kwa uchungu. Ukomo wa vipindi uheshimiwe, na mdomo wa raia usifungwe, kwa rais kama kwa diwani. Dawa nyingine ya maradhi haya siijui.

Kwa hiyo diwani wetu atakapokuja kuzindua kisima kilichochimbwa kwa ushuru wa soko letu, mpokeeni vizuri, mpeni kiti na maji ya kunywa. Kisha mmoja wenu ainue mkono, amwite kwa jina lake, amuulize kisima kimegharimu shilingi ngapi na mkandarasi ni nani. Akijibu, mpeni kura tena. Akinuna, mnyimeni.