Namna ya Kulevereji Mkutanoni

Umeajiriwa kwenye ofisi ya mradi Nairobi au Dar es Salaam, na bosi wako ametoka semina jana. Kitenzi utakachokihitaji haraka kuliko kompyuta ni "leverage", ambacho ukikizoea utakinyambua mwenyewe: kulevereji, tunalevereji, imeleverejiwa. Maana yake ni kutumia. Lakini ole wako useme "kutumia"! Anayetumia huulizwa katumia nini, kiasi gani, na risiti ziko wapi. Anayelevereji hutikisiwa vichwa tu.

Tafuta nomino nzito: data, wadau, vijana. Sema, "Tutalevereji vijana." Wafanywe nini hasa? Hakuna atakayeuliza, kwa kuwa kila aliyepo mezani anadhani jirani yake ameelewa. Mhasibu akikunja uso, ongeza "kimkakati" kisha uombe slaidi inayofuata. Nyumbani usikipeleke, ukimwambia mama mkwe kwamba mmekuja kulevereji ukarimu wake, chakula hukioni.

Jihadhari pia na watu wa benki. Wao wanakijua kitenzi hiki kwa maana yenye meno: kufanya biashara kwa fedha za kukopa. Una laki moja, unakopa laki tisa, unanunua kiwanja cha milioni. Bei ikipanda asilimia 10, laki yako imekuwa mbili. Ikishuka asilimia 10, laki yako imeyeyuka, na kiwanja kinatosha kulipa deni tu, riba bado hatujaitaja.

Ukitaka mabingwa wa fani, watazame LTCM, mfuko wa uwekezaji wa Marekani. Miongoni mwa wakuu wake walikuwemo Myron Scholes na Robert Merton, washindi wa Nobel ya uchumi ya 1997. Mwanzoni mwa 1998 mfuko ulikuwa na mtaji wa takriban dola bilioni 4.7 na mikopo ya zaidi ya bilioni 120. Kufikia Septemba mwaka huohuo taasisi 14 za fedha zililazimika kuchanga dola bilioni 3.6 ili mfuko usianguke na kuwaangukia wengine. Hao ndio waliolevereji hasa, na slaidi zao bila shaka zilipendeza.

Basi mwenzako akisimama kutangaza kwamba mwaka huu mtalevereji kila kilichopo, muulize kwa adabu: mmekopa kwa nani, na mnalipa lini?