Dera Disemba: Namna ya Kuishinda Baridi ya London Bila Kubanwa

Mama alishuka Heathrow wiki ya kwanza ya Disemba na madera sita, doti nne za kanga, na chupa ya mafuta ya nazi iliyoganda kabla hatujafika East Ham. Mimi, mtoto mwema, nilikuwa nimeshamwandalia taiti nyeusi nzito, kwa sababu dukani niliambiwa joto ni kubana. Aliinyanyua kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia ikajirudi, kisha akauliza kwa upole, "Hii ya mtoto gani?"

Mwongozo huu umetokana na miezi mitatu ya mabishano yaliyofuata. Umeandikwa kwa faida ya kila aliyeapa kutovaa nguo ya kuchora maungo, na kwa watoto wao wanaolipa gesi.

Mahitaji. Dera moja pana, na jingine pana zaidi. Kanga doti mbili. Sindano na uzi. Soksi za mwanamume ambaye hatozihitaji leo. Birika la chai ya tangawizi. Subira, ambayo hapa haiuzwi.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikuja London mwaka 1875. Alifika Juni, akaondoka Julai. Vitabu vya historia vinaeleza mambo ya dola na biashara ya watumwa. Mimi naona mtu aliyeijua kalenda. Kama umeshachelewa na tayari ni Disemba, jua linachomoza saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni, basi endelea na hatua ya pili.

Hatua ya pili: mjue adui. Adui si upana wa nguo. Kinachotia joto si kitambaa chenyewe, ni hewa iliyotulia kati ya kitambaa na kitambaa. Mwili unaipasha, nayo inabaki hapo kama mgeni aliyepata kiti kizuri. Nguo ya kubana inamfukuza mgeni huyo. Viatu vya kubana ni vibaya zaidi: vinakaba damu, vidole vinakuwa vya kuazima. Niliposoma haya nikakaa kimya siku nzima, kwa sababu maana yake ni kwamba Mama alikuwa sahihi.

Lakini asishangilie mapema. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wataalamu waliojiuliza kwa nini Mabedui huvaa majoho meusi katika jua la jangwani. Waligundua kuwa weusi hauwadhuru: joto la ziada ambalo kitambaa cheusi hunyonya halifiki kwenye ngozi, kwa kuwa nguo pana inapitisha hewa ndani yake. Yaani vazi pana ni dohani. Jangwani, dohani ni neema. Kwenye kituo cha basi cha Barking Road, alfajiri ya Januari, dohani hiyo hiyo inabeba joto lote ulilolipata kwa uji na kulimwaga shingoni.

Hatua ya tatu: ziba dohani chini. Hapa ndipo nilipopanga kurudisha hoja ya taiti. Mama akaniwahi. Alichukua flaneli ya shuka langu la kitanda, bila ruhusa, akashona suruali ya marinda: pana kama gunia toka kiunoni, imekunjwa kunjwa na kufungwa kwenye kifundo cha mguu. Bibi zake wa Unguja walivaa hiyo chini ya kanzu zao kwa ajili ya stara na urembo. Hawakujua kwamba wanavumbua kizibo. Paja linapumua, hewa haipandi, na hakuna mwanadamu atakayejua una miguu miwili au minne.

Hatua ya nne: panga tabaka. Kwanza fulana pana. Isiwe ya pamba ikiwa unatembea haraka, kwa sababu pamba hunywa jasho na kukurudishia baridi kwa riba. Kisha dera. Kisha sweta ya sufu, saizi mbili juu ya yako. Mwisho, joho. Ndiyo, joho, lile la wakubwa. Joho la asili ni la sufu, pana, refu hadi chini, na masultani walilivaa kwenye jua la Forodhani ili watu wajue nani ni nani. Karne nzima tumelibeba vazi la baridi mahali pasipo baridi, na siku tulipohamia kwenye baridi tukaliacha nyumbani.

Kama huna joho, nenda duka la chariti ukatafute koti la sufu la mzee wa Kiingereza aliyekuwa mnene. Ndiyo yale yale tunayoyaita kafa Ulaya; tofauti ni kwamba hapa unamwahi marehemu kabla hajapanda meli kwenda Darajani.

Shingoni zungusha kanga mara tatu, kwani huko ndiko juu ya dohani. Chagua jina kwa uangalifu. Mama alitoka na kanga ya mafumbo ya wake wenza, na jirani yetu Mpakistani akamsifia maua.

Hatua ya tano: linda pindo. London ina ngazi za umeme, na ngazi za umeme zinapenda dera kuliko unavyolipenda wewe. Shika pindo kwa mkono wa kushoto, simama kulia, usihutubie watu. Ukifika chini, jihadhari na treni: inasukuma hewa mbele yake kama bomba la baiskeli, na dera linajaa upepo kama tanga la jahazi la kaskazi. Dawa yake ni ya kifalme. Washonaji wa Malkia Elizabeth wa Pili walikuwa wakitia vizito vidogo kwenye pindo la nguo zake ili upepo usimtie aibu. Mama alishonea senti za Kiingereza, ishirini na nne. Alitembea akilia kama mtoto mwenye njuga, lakini tanga lilishuka.

Hatua ya sita: udhu. Majira ya baridi, adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana kama mabehewa, na nyumba nyingi za zamani zina mifereji miwili: mmoja unaunguza, mwingine unagandisha, na baina yao hakuna suluhu. Tafuta soksi za ngozi zilizo pana. Mafakihi wengi wamekubali kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu, mchana na usiku wake kwa aliye mkaazi. Hii ndiyo rehema pekee katika mwongozo huu isiyotoka kwenye sanduku la Mama.

Hatua ya saba: ota moto wa umma. Nauli moja ya basi inakuruhusu kubadili mabasi upendavyo ndani ya saa moja. Kaa ghorofani, mbele, ufanye unakwenda mahali. Vinginevyo shuka chini kwenye reli ya Central, ambayo tangu 1900 imekuwa ikiupasha udongo wa mfinyanzi unaoizunguka mpaka udongo wenyewe umeshiba. Huko Islington wamekuwa wajanja zaidi: tangu 2020 wananyonya hewa ya moto ya reli ya Northern, kwenye kituo cha City Road kilichofungwa mwaka 1922, na kuipeleka kupasha nyumba za watu. Maktaba nazo ni za joto na hazidai kitu ila ukimya, jambo lililomshinda Mama baada ya dakika kumi na moja.

Hatua ya nane: nyumbani. Mita yetu ya gesi ni ya kulipia kabla, LUKU iliyovaa suti. Mama aliiangalia namba ikishuka akasema, "Mwanangu, hii inakula kuliko wageni." Tukazima hita saa mbili usiku, tukakaa chini ya blanketi moja, kila mmoja na dera lake, sweta lake na marinda yake. Mimi pia. Kitambaa cha shuka kilikuwa kimetosha suruali mbili.

Mama aliondoka Machi akiacha marinda, senti ishirini na nne, na taiti. Hakuitupa, kwani ni dhambi kutupa kitu kipya. Aliijaza matambara miguu yote miwili, akaifunga kiunoni fundo, akailaza chini ya mlango ambapo upepo huingia. Imelala pale mpaka leo kama chatu aliyeshiba, na tangu siku hiyo ukumbi una joto. Yule wa dukani hakunidanganya. Nilikosea tu kuuliza ivaliwe na nani.